Firigisi Iliyokungoja kwa Friji ya Mama Mutua

Kayole, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Selina,

Mulembe. Amani ya Bwana itangulie kuingia hapo kwako kabla ya barua hii, na ikukute umeketi chini kama mtu mwenye akili, si umeinama shambani na hilo goti lako. Goti linasemaje? Mvua imewafikia au bado inawazunguka tu? Na yule ng'ombe aliyekufanya usije Nairobi, je, ndama amesimama vizuri? Mwambie ndama mimi namjua. Ameniletea maneno makubwa huku bila hata kunijua.

Sisi ni wazima. Baba Nafula analalamika mgongo kila akirudi kutoka kiwandani kule mtaa wa Baba Dogo, lakini sahani inarudi jikoni ikiwa safi kama imeoshwa, kwa hivyo huo sihesabu kuwa ni ugonjwa. Cherehani yangu inafanya kazi. Shule zikikaribia kufunguliwa, hapa mlangoni kwangu yunifomu zinajaa mpaka wateja wanasimama nje. Mungu ni mwema.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia na simu iko. Dada, wewe na mimi tunajuana. Kwa simu ningefoka, ungekata, kisha kesho ungesema ni network. Barua haikatwi. Soma mpaka mwisho, na usimsomee mtu mwingine hasa pale nitakapokusema vibaya.

Ni habari ya Nafula.

Unajua mtoto wangu ametoa kitabu. Nasema mtoto wangu, dada, nikiandika kwa kalamu nzito. Kitabu cha watoto, chenye picha za rangi, kinaitwa *Mfereji Unaokohoa*. Nimekuwekea kimoja ndani ya kifurushi, usiwape kuku wakikalie. Si hadithi ndefu. Kila ukurasa una picha na neno moja la hekima ya kuchekesha, juu ya vitu vya nyumbani tu. Kwa mfano: "Mfereji ukikohoa usiukimbie, unasafisha koo ili ukuite." Hilo watu wa Kayole wamelipenda kupita kiasi, kwa sababu huku mfereji hukohoa siku nyingi kuliko unavyotoa maji. Lingine: "Soksi iliyopotea haijafa, imechoka tu kufanana na mwenzake." Lingine: "Ukigombana na kitunguu, wewe ndiye utakayelia, naye ataingia kwenye mchuzi akicheka." Na lile la jirani: "Jirani akikaanga samaki, pua yako imeshaalikwa. Tumbo lisubiri."

Dada, ploti hii imeingia wazimu. Mama Mutua, yule Mkamba wa mlango wa pili anayeuza maziwa mala, akinikuta kwa ngazi haniambii tena habari ya asubuhi. Ananiambia, "Mama Nafula, soksi yako imechoka?" Tunacheka mpaka tunashikilia ukuta. Mwenye duka la chini, ukimwambia bei ya vitunguu iko juu, anakujibu, "Usigombane na kitunguu, mama." Hata makanga wa matatu kwenye stegi ya Spine Road ameniita, "Mathe wa mfereji!" Mimi na umri wangu huu.

Na wote wanauliza swali moja: "Huyu msichana alitoa wapi maneno haya?"

Ningejibu nini? Nilicheka kidogo, nikarekebisha kitambaa kichwani, nikasema, "Mtoto hunywa anachonyonyeshwa." Mara ya kwanza nililisema polepole. Mara ya pili nililisema kwa sauti. Baadaye likawa linatoka lenyewe. Kina mama wa kanisa wakaanza kunipisha mbele kwenye foleni ya chai. Nilipita, dada. Kwani ningekataa chai?

Basi mwalimu wa Sunday school akaniomba niwasalimie watoto, niwape "neno moja mbili kama yale ya kitabuni, Mama, kwa vile kwako ndiko yalikotoka." Nikavaa ile gauni ya kijani. Nikasimama mbele ya watoto wengi, wote macho kwangu kama vifaranga.

Dada, kichwa kilikuwa kitupu kama sufuria ya mwisho wa mwezi.

Nikasema, "Watoto, someni kwa bidii."

Nikaongeza, "Na muwaheshimu wazazi."

Kitoto kimoja cha mbele, hata meno hakina, kikasema, "Zii! Hiyo haiko kwa kitabu!" Wenzake wakaangua kicheko. Kingine, kasichana kenye miwani, kikafungua kitabu chake ukurasa wa kwanza kabisa, ule usio na picha, ambao mimi sikuwa nimeusoma kwa sababu nani husoma ukurasa usio na picha? Kikaniuliza kwa adabu sana, na adabu ndiyo iliyoniua: "Shosho, hapa imeandikwa, *Kwa Mama Mkubwa Selina, aliyeniuliza.* Ni wewe Selina?"

Nikasema, "Hapana."

"Selina ni nani?"

"Ni dada yangu mkubwa."

"Yeye atakuja lini?"

Hapo ndipo nilipokuchukia kidogo, dada. Nakuambia ukweli kwa sababu baba yetu alitufundisha kusema ukweli, na pia kwa sababu uko mbali huwezi kunifinya. Nilirudi nyumbani nikaikanyaga cherehani kama naendesha baiskeli kupanda mlima. Nilijiambia: Nafula alikaa kwa Selina tangu darasa la kwanza hadi la nne, kwa vile sisi tulikuwa chumba kimoja kule Mathare na shule ilikuwa mbali. Miaka ile tu. Iliyobaki yote nimemlea mimi. Nimemtibu surua mimi. Nimemshonea sare ya sekondari mimi, yenye mikunjo ambayo mwalimu mkuu mwenyewe aliisifu. Halafu ukurasa wa kwanza ni wa Selina! Na alimuuliza nini? Mimi nimemuuliza mambo elfu huyu mtoto. Nimemuuliza kama amekula. Nimemuuliza anaolewa lini. Mbona haikuandikwa?

Kisha nikapata hoja, nikafurahi. Nikamwambia Baba Nafula, "Kule kwa Selina walikuwa na mfereji?"

Akasema, "Hawakuwa. Walichota kisimani."

"Basi mfereji ulikohoa wapi?"

"Hapa Kayole."

"Umeona! Neno la mfereji ni langu!"

Akaniangalia, akaongeza sauti ya redio.

Sasa nikueleze siku ya ile karamu ya kupongeza kitabu, uone jinsi mambo yalivyozidi. Ulikuwa umealikwa, ukatuma ujumbe kwamba ng'ombe anazaa. Nafula alinunua jogoo wa kienyeji, si hawa wa hapa wanaovimba kama mto wa kitanda. Nikampika mimi mwenyewe, na wewe unajua mkono wangu. Tukaketi: mimi, Baba Nafula, Nafula na Mama Mutua. Baba Nafula akanawa, akavuta kiti, akaangalia sahani yake kama wanaume wa kwetu wanavyoangalia sahani kuku akipikwa. Firigisi haimo. Akageuza paja. Haimo. Akageuza shingo.

"Mama Nafula," akasema taratibu, "huyu jogoo aliishi bila firigisi?"

Nafula akasema, "Baba, nimeitoa. Ni ya Mama Mkubwa. Itamngoja akija."

Dada, hata Mama Mutua, ambaye kwao firigisi ni kipande tu cha nyama, aliacha kutafuna. Baba Nafula amekula firigisi ya kila kuku aliyewahi kuingia nyumba hii. Ndivyo tulivyolelewa, hata mgeni mwanamume akija, wanaangaliana kwanza nani ataichukua. Mwanamke kupewa firigisi? Tena mwanamke ambaye hayupo? Tena iwekwe kwa friji? Mzee akasema, "Tangu nizaliwe sijaona firigisi ikingoja mtu." Akala paja kwa huzuni kama mtu wa matanga.

Na kweli Nafula aliifunga kwa karatasi, akampa Mama Mutua aiweke kwenye friji yake, katikati ya maziwa mala. Ikakaa humo. Kila nikienda kununua maziwa Mama Mutua ananiuliza, "Dada yako bado?" Nami ninaona kile kifurushi kidogo kimejikunja pale kama mtoto wa mfalme. Mimi niliyemzaa mwandishi nakula shingo, na wewe unawekewa barafu.

Halafu ikaja hii ya shule. Mwalimu mkuu wa shule ambako Nafula anafundisha chekechea ameandaa Jumamosi ya kusherehekea kitabu. Watoto wataimba, na Nafula atasimama mbele na mtu mmoja wa kwao, mtu huyo aseme neno. Mimi niliposikia tu nilianza kupima kitambaa. Nimekwisha kata, dada. Kitenge cha bluu chenye ndege. Nimeweka mpaka mabega ya kusimama. Nafula akaja akanikuta nashona, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akacheza na ile chaki yangu. Nikajua kuna jambo.

"Mama, hiyo Jumamosi... nataka Mama Mkubwa asimame na mimi."

Nilikata uzi kwa meno.

"Umenisikia, mama?"

"Nimesikia. Mimi si kiziwi. Mimi ni mama yako tu."

Akaondoka bila kunywa chai. Nami nikatoka nikaenda kwa Mama Mutua, nikamwambia, "Nipe ile kitu." Hakuuliza. Alinipa kama mtu anayetoa silaha nyumbani.

Sikuwa nimeamua nitaifanya nini, hilo Mungu anajua. Niliiweka kwenye sufuria, nikatia kitunguu na chumvi, nikawa nasimama pale naitazama ikichemka. Nikajiambia, ni nani aliyesema siwezi? Mara mteja akaja kugombana juu ya zipu. Nikatoka nje. Mteja huyo alikuwa mrefu wa maneno. Niliporudi, Baba Nafula amekaa mezani, ametoka kazini, sahani iko mbele yake, anapangusa midomo.

"Asante," akasema. "Nilijua utanielewa."

Nikamwambia, "Umekula firigisi ya Selina."

"Nimekula firigisi iliyokuwa jikoni kwangu."

Na hapo hapo mlango ukabishwa, Nafula huyo, amerudi kuchukua mwavuli wake. Akanusa. Akaangalia sufuria. Akamwangalia baba yake, akaniangalia mimi. Nilidhani atalia, au atapandisha sauti. Dada, mtoto alicheka mpaka akaketi sakafuni. Kisha akajifuta macho, akamgeukia baba yake, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti yako wewe, ya mwaliko: "Haya, mwenye firigisi, sema neno."

Baba Nafula akashangaa. "Neno gani?"

"Lolote. Aliyekula firigisi lazima aseme neno."

Mzee akafikiri sana. Akasema, "Chumvi ilikuwa kidogo."

Nafula akacheka upya, na mimi nikamuuliza huu ni mchezo gani. Ndipo akanieleza. Dada, mbona hukuwahi kuniambia? Kwamba baada ya shemeji kufariki, nyumba yako ilipobaki bila mwanamume, kila ulipochinja kuku uliichukua firigisi ukaiweka kwenye sahani ya Nafula. Mtoto wa darasa la pili! Kwamba mama mkwe wako alipokuja juu, ulimjibu, "Firigisi haiulizi nani ana ndevu." Kwamba ulikuwa unanyamaza, unakunja mikono, unamwambia, "Haya, mwenye firigisi, sema neno," na wewe na watoto wote wa boma mnangoja. Na yeye anatafuna akifikiria, kisha anasema kitu juu ya kuku, au juu ya kiatu, au moshi, na nyinyi mnakichukua kwa uzito kama amesema mzee wa ukoo.

Nikamuuliza, "Kwa hivyo maneno ya kitabu si ya Selina?"

"Hapana. Mama Mkubwa hakuwahi kuniambia neno hata moja. Yeye aliuliza tu."

"Na la mfereji?"

"Hilo nililiona hapa, wiki ile maji yalipopotea."

"Na la kitunguu? Hilo si langu? Mimi ndiye ninayelia na vitunguu nyumba hii."

"Wewe ndiye uliyelia, mama. Neno ni langu."

Dada, nilikaa. Nimekuonea wivu mwezi mzima kwa mali ambayo hata si yako! Nimepita mbele kwenye foleni ya chai kwa maneno ambayo si yangu, na wewe umeandikwa ukurasa wa kwanza kwa maneno ambayo si yako. Mwenye maneno mwenyewe alikuwa amekaa sakafuni kwangu anatafuta mwavuli.

Nikafikiri juu ya kuku wote niliopika. Dada, Baba Nafula amekula firigisi miaka yote hiyo, na neno lake la kwanza ni kwamba chumvi ilikuwa kidogo.

Nafula alinitazama. Alijua nimeumia. Akavuta kile kiti cha wateja akakaa mbele yangu, akakunja mikono vile vile kama wewe, akasema, "Mama, firigisi imekwisha, lakini wewe ndiye uliyeipika. Sema neno."

Nikamwambia, "Mimi sijasoma, niache."

Hakuniacha. Alingoja. Redio ilikuwa imezimwa, na Baba Nafula naye akangoja, kijiko mkononi. Dada, hujui jinsi inavyotisha mtu akikungoja hivyo. Au wewe unajua, ndiyo maana ulimpa mtoto akue nayo. Watu huniuliza itakuwa tayari lini, nitapunguza kiasi gani. Hakuna aliyewahi kukaa akangoja niseme neno tu.

Nikaangalia cherehani. Nikasema, "Mwenye wivu ni cherehani isiyo na uzi. Kelele ni ile ile, lakini hakuna kinachoshonwa."

Nafula hakucheka. Alitoa kalamu kwa mfuko. Aliandika nyuma ya risiti ya mteja wangu, na risiti hiyo ya gauni ya harusi sasa siipati, lakini haidhuru, ameondoka nayo, na amesema neno hilo linaenda kwenye kitabu cha pili. Kitabu cha pili, dada! Nimekwisha mwambia Mama Mutua, na mwenye duka, na kina mama wa kanisa. Sikuwaambia habari ya wivu wenyewe, nimewaambia tu kwamba nina neno langu linakuja, la cherehani.

Sasa sikiliza. Hiyo Jumamosi utakuja. Ndama aangaliwe na watoto wa jirani. Utasimama wewe na Nafula mbele ya ile shule yote, na usiseme neno. Muulize tu, kama ulivyokuwa ukimuuliza, wale watoto wote wasikie jinsi mtu mkubwa anavyomngoja mtoto. Hilo mimi siwezi kulifanya, bado najifunza. Mimi nikinyamaza kidogo tu maneno yananitoka puani.

Lakini hutasimama na ile sketi yako ya mazishi. Nimeacha mabega yangu ya kusimama, nimepata kitambaa cha gauni mbili za mabega ya kawaida. Chukua uzi mrefu, ujipime kifua, ufunge fundo moja. Kiuno, mafundo mawili. Nyonga, mafundo matatu. Upeleke kwa stegi ya basi niletewe. Na usivute tumbo ndani ukijipima, nakujua, utakuja hapa zipu inalia. Nilikuwa nimefikiria kukushonea ya kubana kwa makusudi. Nimeacha. Shukuru.

Nisalimie mama mkwe wako, mwambie firigisi bado haiulizi. Msalimie kaka yetu mkubwa anayelinda boma la wazazi, na mkewe ambaye bado ana sufuria yangu. Wasalimie wale mapacha wako wa mwisho, na mchungaji aliyemzika shemeji. Ndama nimeshamsalimia.

Wewe utakuwa jukwaani. Mimi nitakuwa kiti cha kwanza mbele, na Nafula akifungua tu mdomo nitapiga kigelegele mpaka wageni wageuke waulize, "Yule mwanamke ni nani?" Na shule nzima iwajibu.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na kukuonea wivu,
Mama Nafula mwenyewe